Nyavu Hushonwa Kila Siku, Si Siku ya Kongamano

Kila muhula unapoanza kuta za chuo hujaa mabango. Kuna mkesha wa kufungua muhula, kuna semina ya kujitambua, kuna kongamano la vijana, kuna mhamasishaji anayekuja na suti na slaidi zake. Ukumbi hufurika. Watu hulia, hupiga makofi, huandika maazimio kwenye daftari jipya. Ikifika wiki ya tatu daftari lile limegeuka la kuandikia madeni ya kantini, na bumu lililoingia Jumatatu limeondoka na mikeka ya mpira kabla ya Ijumaa.

Sipingi makongamano. Nimehudhuria mengi, na baadhi yalinigusa kwelikweli. Hoja yangu ni moja tu: mtu hafanywi upya na tukio. Hufanywa upya na jambo dogo analolirudia kila siku kwa saa yake, awe na hamu au asiwe nayo. Tukio linaweza kukuamsha, lakini haliwezi kukulea. Na naandika haya sasa kwa sababu naona tunaendelea kupoteza wenzetu. Muhula uliopita tu, kwenye jengo letu la hosteli, vijana watatu walifungasha mabegi baada ya matokeo. Wote watatu walikuwa watu wa semina. Hawakukosa hata moja. Walichokosa ni asubuhi yenye utaratibu.

Mfano wangu nautoa Mara, kwa sababu ndiko kwetu, na kwa sababu mkoa ule una mengi ya kutufundisha juu ya jambo hili kuliko slaidi zozote.

Mwalo wa Mwigobero

Nilipokuwa fildi Musoma nilizoea kupita mwaloni Mwigobero asubuhi kabla ya kwenda kazini. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza na taa zao, maana dagaa hufuata mwanga. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa hazina nguvu, na wengi hukaa nchi kavu. Wakirudi alfajiri, dagaa huchukuliwa kwenda kuanikwa, bei inabishaniwa, watoto wanaokota waliodondoka. Mvuvi naye, macho mekundu kwa usingizi, bado hajaenda kulala. Ameukunjua wavu, anaupitisha mkononi kipande kwa kipande, anatafuta palipochanika.

Siku moja nilimwamkia mzee mmoja, nikamuuliza kwa nini asilale kwanza, ashone baadaye. Aliitikia, akanitazama kama mtu anayetazama mgeni, kisha akanionesha tundu la kupitisha kidole. Akaniambia ukiliacha hili leo, kesho litapitisha mkono, na keshokutwa utakuwa unavua maji. Hakuwa ananihubiria. Alikuwa anaeleza kazi yake.

Wahenga walishasema usipoziba ufa utajenga ukuta, na sote tunaikariri methali hiyo tangu shule ya msingi. Tofauti ni kwamba yule mzee anaiishi kila asubuhi, tena akiwa amechoka. Wavu wa dagaa una macho madogo sana. Tundu moja tu likiwa kubwa kuliko mengine, samaki wote wanajua pa kutokea. Na wavu hauchaniki kwa sababu mvuvi ni mzembe. Unachanika kwa sababu unatumika.

Ndivyo tulivyo na sisi. Siku moja ya chuo inatuchana bila kelele. Umemdanganya mwenzako wa chumba kwamba huna hela. Umekopa elfu tano na umemkwepa mwenyewe kantini. Umekaa na simu hadi saa nane usiku, video baada ya video, ukalala bila sala na bila kusoma. Umemtukana mtu kwenye kundi la WhatsApp, kisha ukafuta. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo ni janga. Ni matundu ya kidole. Shida ni kwamba hatuyashoni. Tunayabeba wiki kumi na tano, tukisubiri mkesha wa mwisho wa muhula utupe wavu mpya. Wavu mpya haupo. Kuna huu huu ulionao.

Butiama: mtu wa kila siku

Najua kuna atakayeguna: Mwalimu tena? Kila hotuba Mwalimu, kila bango Mwalimu. Nakubali, jina la Nyerere limetumika hadi limechakaa. Lakini tunachokitaja ni matukio yake makubwa: Uhuru, Azimio la Arusha, Muungano. Mazoea yake ya kila siku hatuyataji, na ndiyo yenye faida kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili asiye na nchi ya kuongoza.

Tuanze na umri wetu. Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki. Mwaka 1934 alipelekwa kuanza shule Mwisenge, Musoma, kilomita 40 hivi kutoka nyumbani. Alianza kusikiliza mafundisho ya dini akiwa bado kijana wa shule. Akabatizwa lini? Desemba 23, 1943, katika misheni ya Nyegina, jirani na Musoma, akiwa na miaka 21 na tayari ni mwanafunzi wa Makerere. Hesabu mwenyewe hapo. Hakuamka siku moja akiwa mtu mpya. Ni miaka ya kusikiliza, kurudi, kuuliza, kusubiri. Alipofika kwenye maji ya ubatizo alikuwa mwanachuo kama wewe na mimi, na sehemu kubwa ya kazi ilikuwa imeshafanyika taratibu, siku kwa siku.

Kisha angalia alivyoishi baadaye. Walioishi naye karibu wanasimulia kwamba alihudhuria Misa ya asubuhi karibu kila siku, akiwa Rais na hata baada ya kustaafu. Fikiria maana yake. Rais wa nchi changa, yenye vita vya Kagera, yenye njaa, yenye deni, anaanza siku kwa kupiga magoti pamoja na watu wa kawaida. Kazi hazikupungua. Aliitenga saa yake, na kazi zikapangwa kuizunguka.

Kazi yake ya kalamu nayo inasema jambo lilelile. Alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare: ya Julius Caesar ikatoka mwaka 1963, na ile ya *Mabepari wa Venisi* ikatoka mwaka 1969, wakati wote huo akiongoza serikali. Baada ya kustaafu akaziweka Injili zote nne na Matendo ya Mitume katika tenzi za Kiswahili. Mathayo ina sura 28, Marko 16, Luka 24, Yohana 21, Matendo 28. Jumla ni sura 117. Ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani nane, yaani mizani 32. Hakuna binadamu anayekaa kitako wikiendi moja na kugeuza sura 117 kuwa tenzi kwa sababu amehamasika Ijumaa jioni. Kazi ya namna ile inakubali njia moja tu: ubeti huu leo, ubeti mwingine kesho.

Na akiwa pale Butiama alilima, akacheza bao na wazee wa kijijini, akasoma. Ukienda leo Mwitongo, kilipo kilima cha familia, kaburi na makumbusho, utaona mahali penye utulivu mkubwa. Wengi wetu tunapiga picha getini na kuondoka. Ningependa tukae kidogo pale kwenye mawe na kujiuliza swali dogo: mtu huyu alikuwa anafanya nini saa 12 asubuhi, siku ya kawaida isiyo na sherehe?

Oktoba 1967 alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuunga mkono Azimio la Arusha. Tukio hilo tunalikumbuka. Lakini mtu wa miaka 45 haoti miguu ya kilomita 200 asubuhi ya safari. Miguu hiyo iliandaliwa na siku ambazo hakuna mpiga picha aliyekuwepo.

Sisemi alikuwa malaika. Kanisa Katoliki linamwita Mtumishi wa Mungu tangu mwaka 2005, na Jimbo la Musoma ndilo lililolianzisha suala lake. Uamuzi huo una wenyewe. Nchi hii ina wazee waliohamishwa kwa nguvu kwenda vijijini miaka ya sabini, na kumbukumbu zao zina haki ya kusikilizwa. Sala ya asubuhi haikumzuia kukosea. Lakini mwaka 1984, akiwa bado Ikulu, alikiri hadharani kwenye mahojiano kwamba kufuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Ni viongozi wangapi mnaowajua wamewahi kusema hivyo wakiwa bado kwenye kiti? Mimi naamini mtu anayejihoji kila siku faraghani ndiye anayeweza kusema "nilikosea" mbele za watu. Asiye na zoea hilo, kosa likimkuta analifunika. Mazoea ya kila siku hayamfanyi mtu asichanike. Yanamfanya asione aibu kushika sindano.

Si jambo la dini moja

Bunda ni kwetu, na majirani zetu ni Wasabato. Tangu nikiwa mdogo naijua Ijumaa yao. Mchana nguo zinafuliwa na kupigwa pasi, chakula kinapikwa mapema, uwanja unafagiliwa, na sufuria iliyoazimwa lazima irudishwe kwa mwenyewe kabla jua halijazama. Mara nyingi sufuria hiyo ilikuwa yetu, kwa hiyo najua ninachosema. Kisha jua linazama na nyumba nzima inatulia. Biashara ya Jumamosi pale stendi ni nzuri kuliko siku nyingine, lakini wao hawaendi. Mtu anayeweza kuiacha hela ya Jumamosi kila wiki, miaka nenda rudi, amejifunza jambo juu ya hela ambalo semina ya ujasiriamali haifundishi.

Ndugu zetu Waislamu wana swala tano, kila moja kwa wakati wake, na udhu kabla yake. Adhana ya alfajiri haiulizi kama ulilala mapema au ulikuwa na mtihani. Na wao wanafundishwa waziwazi kwamba tendo dogo linalodumu linapendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu kuliko kubwa la siku moja. Ningekuwa na uwezo ningelibandika fundisho hilo kila mlango wa hosteli.

Hata historia ya uamsho katika mkoa wetu inasema hivyo. Mwaka 1942, vuguvugu la uamsho wa Afrika Mashariki, lililokuwa limeenea kutoka Rwanda na Uganda, lilifika kwa Wamennonite wa Shirati, kaskazini mwa Mara. Kulikuwa na machozi, kulikuwa na mikusanyiko mikubwa, kama mikesha yetu. Lakini kilichoufanya uamsho ule udumu miaka mingi si machozi. Ni vikundi vidogo vya walokole vilivyokutana mara kwa mara, watu wakaungama mbele ya wenzao, wakapatana na waliogombana nao, wakarudisha vya watu walivyoviiba. Wenzetu wale hawakuishia kuhuzunika kwa ajili ya dhambi. Walibeba kitu mkononi wakaenda kugonga mlango wa mwenyewe.

"Maisha magumu, ndugu yangu"

Nimeshajibiwa hivyo. Wengine wanasema mazoea ya asubuhi ni ya watu wenye chumba chao, maji bombani na chai mezani. Sisi tuko sita chumba kimoja, maji yanatoka saa tisa usiku, kipindi kinaanza saa moja asubuhi na ukumbi uko mbali. Mwingine anauza vocha na kufanya kazi za usiku ili amlipie mdogo wake ada.

Sibishi kuhusu ugumu. Lakini yule mvuvi wa Mwigobero hana chumba chenye kiyoyozi. Anashona akiwa na njaa. Utaratibu si anasa ya aliyeshiba. Aliye na kidogo ndiye anayeuhitaji zaidi, kwa sababu wavu wake ni mmoja. Tajiri akipoteza wiki kwa kubeti, baba anatuma nyingine. Wewe ukipoteza bumu, umekula na karo ya mdogo wako.

Wengine wanasema mazoea ya dini yanazaa wanafiki: anaamka alfajiri kusali, saa tatu anaiba simu. Wapo, tusidanganyane. Kipimo cha sala yako si saa unayoamka. Ni kama mwenzako wa chumba ameona nafuu yoyote tangu uanze. Kama deni lake bado liko pale pale na ndoo yake bado unaitumia bila kuomba, basi hicho unachofanya asubuhi ni mazoezi ya viungo.

Mambo manne tu

Wale wanaoandika orodha za mazoea 21 ya watu waliofanikiwa wanatuchosha. Ukishindwa tatu unaacha yote. Mimi napendekeza manne, na hata yakibaki mawili si haba.

La kwanza, robo saa ya kwanza ya siku isiwe ya simu. Iwe ya sala, au swala, au ukimya kama huna dini. Simu iwekwe mbali na mto. Kengele ya shilingi elfu chache pale sokoni inaamsha vizuri tu, na haikuoneshi maisha ya watu wengine kabla hujayaona yako.

La pili, soma kurasa mbili za kitu kisicho na mtihani. Kitabu kitakatifu, riwaya, wasifu wa mtu, hata gazeti la zamani. Tumekuwa watu wa kudesa. Tunasoma ili tutoe kwenye karatasi, kisha tunasahau. Akili nayo inataka chakula kisichopimwa.

La tatu, fanya kazi moja ya mikono kila siku ambayo hulipwi. Fagia korido, osha masufuria ya chumba, mwagilia miche. Kazi hiyo inamkumbusha msomi kwamba mikono yake haijafa.

La nne, kabla ya kulala fanya hesabu ya siku. Dakika tano. Leo nimemkosea nani? Nina kitu cha nani? Nimepokea wema gani? Waislamu wanaita muhasaba, Wakristo wanaita kutafuta moyoni; jina si hoja. Na kama jibu ni "nina elfu tano ya mtu", asubuhi mpelekee hata elfu moja, useme nyingine inakuja. Sindano inapita hapo.

Ukiruka siku, usifanye msiba. Rudi kesho. Mvuvi naye ana siku za homa, na nyavu zinamsubiri.

Ombi kwa serikali yetu ya wanafunzi

Haya hayawezi kuwa ya mtu binafsi peke yake, kwa sababu tunaishi kwa kubanana. Kwa hiyo nina maombi matatu kwa viongozi wetu, na hakuna hata moja linalohitaji mgeni rasmi.

Mosi, spika zote hosteli zizimwe kuanzia saa nne usiku hadi saa 12 asubuhi: muziki, mpira, na maombi pia. Anayesali kwa sauti usiku wa manane anamnyima mwenzake usingizi wa kuamkia sala. Pili, chumba kimoja cha madarasa kifunguliwe saa 11 alfajiri kila siku kwa yeyote anayetaka kukaa kimya, wa dini yoyote, na taa yake iwe nzima. Tatu, sehemu ya fedha inayotumika kuwalipa wahamasishaji iende kwenye vikundi vidogo vya wanafunzi sita sita, vya kukutana kila wiki na kuulizana maswali ya kweli: umelala? umekula? unabeti? unadaiwa? Nina hakika wale vijana watatu wa jengo letu, kama wangeulizwa hivyo kila Jumatano na watu sita wanaowajua, angalau mmoja angekuwa bado yuko hapa.

Viongozi wakikubali, tutashukuru. Wakichelewa, wewe usiwasubiri. Usiku huu weka simu mbali na kitanda, hesabu siku yako, na kama kuna mlango wa mwenzako unaopaswa kuugonga, ugonge kabla hajalala.